Mavyaa asema friza yangu imejaa choyo

Mama mshauri, shikamoo, na assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni kwenye nyumba ya wakwe. Tuko mimi na mume wangu na watoto wetu, mavyaa wangu, na wifi yangu aliyerudi nyumbani na mwanawe baada ya ndoa yake kuvunjika. Nafundisha chekechea. Mume wangu aendesha tuktuk ya mtu, kila jioni lazima apeleke hesabu, na ziko siku hesabu yapatikana lakini cha kupika hakipatikani.

Jambo lenyewe huenda ukaliona dogo, lakini limeninyima usingizi. Ni mboga.

Zamu yangu ya chama ilipofika mwaka jana, nilinunua friza ya mtumba, ile ya kulala yenye mfuniko juu. Wenzangu walinicheka, mmoja akasema angalau ningenunua makochi. Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Nyumba yetu haipiki bila nyanya. Malori ya Taveta na Loitokitok yakimiminika Kongowea, kreti huuzwa bei ya kutupa. Masika ikikolea, lile fungu la nyanya nane lageuka la nyanya tatu, na bei ni ile ile. Kwa hivyo zikiwa rahisi naamka alfajiri na jirani zangu wawili, twanunua kreti pamoja twagawana. Zile zilizobonyea kidogo, ambazo mwenyewe ataka zimtoke kabla jua halijapanda, ndizo nizipendazo. Nikifika naosha, natoa vikonyo, natia kwenye makopo, nagandisha. Njegere ni hivyo hivyo zikishuka kutoka bara. Mchicha, kunde, bamia, karoti. Thomu na tangawizi nasaga nagandisha kwenye visahani vya barafu, nikipika natoa kibonge kimoja nadondosha sufuriani. Masika iliyopita sikununua nyanya hata moja, na pesa zile nikalipia sare za shule.

Sasa mavyaa. Tangu friza iingie hajaipenda. Asema mboga ni ya siku ile ile, na chakula cha barafu hakina ladha wala baraka. Siku moja nilimjibu kwa mzaha, "Mama, akiba haiozi." Akasema, "Ya pesa. Ya mchicha yaoza." Wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini ilinichoma.

Kinachoniumiza ni kuwa chakula hicho hicho asichokipenda ndicho anachokigawa. Nikirudi kazini nakuta kopo la njegere limeenda kwa jirani, nyanya zimevuka feri kwenda Likoni kwa mwanawe mwingine. Nikiuliza, aniambia mbele ya wifi yangu kwamba nyumba yao haijapata kufungia chakula ndani na jirani yuko mlangoni, na kwamba friza yangu imejaa choyo. Mimi mchoyo, mama!

Mwezi uliopita transfoma ya mtaa ililipuka, stima ikapotea asubuhi. Nikiwa kazini nilimpigia wifi nikamsihi wasiifungue friza hata kidogo. Jioni narudi nakuta masufuria yamejaa mboga, mengine yashapelekwa kwa majirani, na ndani ya friza hamna kitu ila chupa za maji. Mavyaa alitoa kila kitu akapika, eti kingeoza. Njegere alizosaza nilizikuta kwenye ungo, bado zimeshikana kwa barafu. Niliingia chumbani nikalia. Mume wangu aliporudi akaniuliza, "Wagombana na mamangu kwa ajili ya nyanya?"

Sasa njegere ziko rahisi tena, na Ramadhani haiko mbali. Wajua bei zinavyokuwa mwezi ule. Nataka kuijaza friza upya. Ina tundu la kufuli, na kufuli nimeshanunua, liko mkobani, naogopa kulitoa. Rafiki yangu mmoja asema nilitie, friza ni yangu kwa pesa zangu. Mwingine asema niiuze nipumzike. Mara nyingine nafikiri tuhame tupange chumba Mtopanga, lakini kodi itameza zaidi ya chochote nilichowahi kuokoa kwa mboga. Nifanye nini?

Mkaza mwana, Kisauni

JIBU

Marahaba mwanangu, wa aleikumu salaam.

Umesema jambo hili huenda ni dogo. Mimi sioni hivyo. Mtu anayefika Kongowea na giza, akarudi akaosha na kukata na kugandisha, kisha akaenda kufundisha watoto wa watu mpaka mchana, halafu akaitwa mchoyo mbele ya wifi yake, ana haki ya kuumia. Na uchungu wako, kama nimeusoma vyema, hautoki tu kwenye vile vyakula vilivyogawiwa. Wewe ulifanya kazi ya kuilisha nyumba nzima kwa miezi, na hakuna aliyeiona kuwa ni kazi mpaka ilipokwenda kwa majirani. Tena hapo sifa akapata mwingine.

Hata hivyo naomba nikuulize machache, na baadhi huenda yasikupendeze.

La kwanza ni ladha. Umeniandikia kwamba mboga waziosha, wazitia kwenye makopo na kuzigandisha. Kwa nyanya sina neno. Nyanya zaweza kuingia friza mbichi, nzima au vipande, na siku ya kupika ukizimwagia maji ganda lenyewe lavuka. Zitalegea, lakini kwa mchuzi nani ajali? Pilipili mboga, vitunguu, thomu na tangawizi vilevile. Lakini mchicha, kunde, bamia, karoti na njegere zina tabia nyingine. Ndani yake mna vimeng'enya, vile vitu vinavyoiivisha mboga na baadaye kuiharibu, na baridi haiviui, yavipunguza kasi tu. Mboga iliyogandishwa mbichi yaendelea kuchakaa polepole humo humo kwenye barafu: rangi yafifia, harufu yageuka kidogo ya nyasi, na mchicha unashika ukakasi fulani. Mavyaa wako, aliyepika mchicha wa nazi maisha yake yote, ataijua ladha hiyo kwa kijiko cha kwanza. Kwa hiyo anaposema hakina ladha, huenda hatafuti kosa. Huenda asema kweli.

Dawa yake si ngumu, ni kazi tu. Chukua sufuria kubwa, maji mengi, yachemke kwa nguvu, na mboga uzitie kidogo kidogo ili mchemko usikatike. Njegere dakika moja na nusu hadi mbili, mchicha na karoti za vipande dakika mbili, bamia nzima dakika tatu au nne kulingana na ukubwa. Toa, tumbukiza mara moja kwenye maji ya barafu kwa muda ule ule, ndipo zile chupa zako za maji zitakapofaa. Kisha chuja na ukaushe vizuri, kwa sababu maji yanayobaki ndiyo yanayofanya kila kitu kishikane kuwa jabali. Njegere zitandaze kwenye sinia kwanza zigande kila moja kivyake, halafu ndipo uzitie koponi. Siku hiyo utachota kikombe utakacho bila kugonga kopo na nyundo. (Nimeona watu wakigonga kwa mwichi. Usicheke.) Andika tarehe juu ya kopo, na usiingize mzigo mkubwa wa vitu vya uvuguvugu kwa mpigo, friza ya mtumba itahangaika nao usiku kucha.

Nasema haya kwa urefu kwa sababu ladha ndiyo sehemu pekee ya ugomvi huu iliyo mikononi mwako peke yako. Haitamaliza yaliyobaki. Lakini ikiwa mavyaa atakula njegere za nazi siku moja na asijue zilitoka wapi, tayari mtakuwa mwazungumza mengine.

La pili ni ile siku ya transfoma. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, hushika baridi yake kama saa 48. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Ya zamani yenye mpira uliolegea huenda isifike hapo, lakini kutoka asubuhi hadi jioni ingevumilia. Wewe ulilijua hilo. Je, yeye alilijua? Mwanamke aliyekulia kwenye nyumba isiyo na friza ajua sheria moja tu: kikianza kulainika, kipike. Machoni pake siku ile aliokoa chakula chako, akaokoa na heshima ya nyumba kwa kuwapa majirani kabla hakijaharibika. Hata zile njegere za ungoni zilizokuwa bado na barafu zingerudi ndani bila madhara, lakini nani angemwambia?

Hapo ndipo nasimama kidogo kwenye barua yako. Stima ilipopotea ulimpigia wifi. Hukumpigia mavyaa. Nafahamu kwa nini, kwa wifi ni rahisi, na huenda mavyaa hana simu au haisikii. Lakini hebu lisikilize kwa sikio lake: yuko nyumbani kwake, na bintiye aja kumwambia, "Amesema msifungue." Amesema nani, na amemwambia nani? Sikuhukumu. Nauliza tu kama friza hii, tangu siku ilipoingia, imewahi kuombewa nafasi kwa mwenye nyumba, au iliingia jikoni mwake siku moja ikakaa.

Na kuna hili dogo ambalo hukulitaja: tokeni zanunuliwa na nani? Ikiwa ni wewe, basi hesabu yako yahitaji kuhesabiwa upya, maana pesa za sare zilizotoka kwenye nyanya huenda nyingine zarudi kwenye mita. Soma mita usiku mkilala na uisome tena asubuhi, wakati hakuna kinachovuta ila friza na friji, utapata picha. Ikiwa anunuaye ni mavyaa, au zatoka kwenye mfuko wa nyumba, basi friza ni yako kwa pesa za chama lakini baridi yake mwailipa pamoja. Hilo labda ndilo analolisema bila kulisema.

Sasa neno choyo. Najua lilivyokuchoma, kwa sababu kwetu mtu aweza kuitwa maskini akacheka, lakini si mchoyo. Mavyaa ana pa kusimama: sura ya Al-Maun yamalizia kwa kuwalaumu wanaozuia hata vile vitu vidogo vya kusaidiana. Nawe una pa kusimama: Nabii Yusuf aliwaambia watu walime miaka saba, na wanachovuna wakiache kwenye mashuke yake ila kidogo cha kula, kwa sababu miaka ya shida yaja. Nakuomba tu usiende kumrushia aya mzee wako, hilo halijawahi kumshindisha mtu. Bora umkumbushe mambo ya nyumba yake. Nani alikuwa akianika maembe ya achari juani? Ng'onda hatukulinunua likaning'inia jikoni miezi? Muhogo haukukatwa ukaanikwa kuwa makopa? Akiba ya chakula haikuletwa na friza yako. Yeye huenda aijua kuliko wewe, ila hakuna aliyemuuliza.

Tuje kwenye kufuli. Sitakuambia ulitie wala ulitupe. Faida yake ni wazi: utajua ulichonacho, na Ramadhani haitakukuta na friza ya chupa za maji. Wako wanawake waliotia kufuli na nyumba zao zikatulia, kwa sababu mpaka ulipowekwa wazi manung'uniko yalikwisha. Lakini fikiria siku ya kwanza. Mavyaa aenda kuchukua barafu ya kunywa, akuta kufuli, na wewe uko kazini na ufunguo. Mtoto aliyetumwa na jirani amesimama mlangoni akitazama. Jioni hiyo mume wako hatauliza habari za nyanya tena, na kabla ya Ijumaa mtaa mzima utakuwa wajua kwamba mkaza mwana wa fulani amemfungia mama chakula. Ukweli wako hautatoka nje pamoja na habari hiyo. Ukiamua kulitia, angalau liwe limezungumzwa kwanza, na ufunguo mmoja awe nao yeye. Hapo huenda ukajiuliza kufuli ni la nini, na hilo nalo ni swali la haki.

Njia nyingine ni fungu. Tenga upande mmoja wa friza, au kapu moja, liwe la mavyaa: agawe, apike, apeleke Likoni, usiulize. Sehemu iliyobaki ni ya sufuria ya nyumba. Wengi wamepona kwa njia hii, kwa sababu yampa mzee kitu cha kutoa, na kutoa kwake ni sehemu ya hadhi yake mtaani. Hatari yake ni mbili. Fungu huwa na tabia ya kunenepa, na usiponena mapema utajikuta mwezi wa nne una kapu moja na yeye ana friza. Halafu kuna namna ya kulisema. Ukimwambia "hili ndilo lako", mwenye nyumba aweza kusikia amepimiwa. Ukimuuliza "mama, nikuwekee kiasi gani cha kutoa?", ni maneno tofauti, ingawa kapu ni lile lile.

Kuna pia kumhusisha. Nani ashinda nyumbani mchana? Yeye na wifi yako. Gunia la njegere lahitaji mikono ya kumenya, na umenyaji ni kazi ya barazani yenye mazungumzo yake. Wifi yako, ambaye kwa barua yako sioni kama ana kipato, huenda angependa kona ya friza agandishe barafu za ukwaju na ubuyu auze, na kwa mtoto mmoja wa kulea hilo si jambo dogo. Utapoteza nafasi, na huenda ukapata watu wawili wenye sababu ya kuilinda friza stima ikipotea. Au utapata friza yenye mabwana watatu na ugomvi mpya kuhusu nani aliacha mfuniko wazi. Wewe wawajua, mimi siwajui.

Waweza pia kupunguza. Si lazima kila kilicho rahisi Kongowea kiingie ndani. Nyanya uzipike kwanza zikauke ziwe rojo zito, kreti nzima yaingia kwenye makopo machache. Thomu na tangawizi, na njegere. Mchicha Mombasa haukosekani, mwachie mavyaa aununue wa siku ile ile kama apendavyo. Huenda sehemu kubwa ya faida yako yote yatoka kwenye nyanya peke yake. Nasema huenda, kwa sababu hukuniandikia hesabu, na ingefaa uiandike hata kwa ajili yako mwenyewe.

Kuiuza friza ni njia ya amani, lakini jiulize kama utapata amani au utapata kimya. Kila masika, ukinunua zile nyanya tatu, utalikumbuka. Na Mtopanga umeshaifanyia hesabu mwenyewe. Nitaongeza tu kwamba kodi si hesabu ya mboga. Wako wanaohama kwa gharama na wakapumua, na wako waliohama wakaukuta ugomvi ule ule ukiwasubiri kila Idi. Ikiwa wazo la kuhama lilikuwepo kabla ya friza, basi lizungumze na mume wako kwa jina lake, usilifiche ndani ya njegere.

Kuhusu mume wako, neno alilokuambia lilikuwa baya kwa wakati ule, na nafahamu ulilisikia kama hukumu. Lakini alikuwa ametoka barabarani siku nzima na kukuta mkewe analia na mamake amenuna. Je, ashawahi kukaa akaambiwa, kwa utulivu, kwamba sare za shule zilitoka kwenye nyanya zile? Usimwombe aamue kati yako na mamake, hakuna mtoto wa kiume anayeiweza kazi hiyo. Mwombe awepo tu siku mtakapozungumza, na achague siku ambayo hesabu ya tuktuk imetimia.

Na kabla ya hayo yote kuna mtu mmoja ambaye hukumuuliza kitu. Kaa na wifi yako mkiwa peke yenu, bila kumsomea mashtaka, umuulize siku ile ya transfoma alimfikishiaje mavyaa ujumbe wako, kwa maneno gani, na mavyaa akajibu nini. Huenda hakuufikisha kabisa. Huenda aliufikisha kwa sauti ambayo hata wewe usingeipenda. Au huenda mavyaa alisikia vizuri na akafungua makusudi, na hapo mazungumzo yenu yatakuwa mengine. Ukishajua, niandikie tena.